Brigedi ya Mjomba, Falaj ya Muoka Mikate

Mjomba wangu alishuka uwanja wa ndege wa Maskati mwezi wa Juni amevaa viatu vya baridi, koti amelitundika mkononi, mkoba wa kijeshi begani. Mama alikuwa hajamwona kaka yake tangu walipomzika mama yao. Alimkumbatia mbele ya watu wote akalia kwa Kirusi. Baba alisimama pembeni na funguo za gari mpaka walipoachana, akamwambia kwa Kirusi chake cha zamani, "Karibu kwako," akamchukulia mkoba.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikaa Ghubra, karibu na pwani, na Baba alikuwa akifanya kazi katika wizara moja kule Al Khuwair. Yeye ni Mzanzibari, mmoja wa vijana waliopelekwa kusoma Urusi zama zile walipokuwa wakipelekwa kwa makundi. Alikwenda kusomea uhandisi, akarudi na cheti na mke. Baadaye wakahamia Oman, kwa ndugu waliotangulia. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ya Bibi, mama yake Baba, ambaye hakutaka lugha nyingine mezani kwake. Kiarabu kilikuwa cha nje. Kirusi kilikuwa lugha ya Mama anapokasirika.

Mimi nilikuwa msichana wa chuo, nasoma historia, na sikupenda kuambiwa nyamaza. Nayasema haya mapema, kwa sababu mwaka ule niliambiwa ninyamaze na karibu kila mtu.

Kwetu, ukimuuliza mtu yeye ni nani, atakutajia baba yake, babu yake na mji waliotoka. Mjomba ukimuuliza alikutajia brigedi. Bibi alisema huo ndio ukoo wake, na hakusema kwa dhihaka. Jioni baada ya kula, Mjomba alikuwa akisogeza sahani na kuanza kuieleza, na Mama au Baba akimfasiria Bibi.

Brigedi ile ilikuwa ya mashambulizi ya anga. Makao yake ya mwanzo, alisema, yalikuwa katika mji wa joto na vumbi wa Asia ya Kati, kusini kabisa ya Dola ya Kisovieti. Yeye aliingia akiwa luteni ambaye ndevu zilikuwa hazijamkolea. Askari wale hawakukaa kwenye mstari wa mbele kama wenziwao. Walipandishwa helikopta, wakapitishwa juu ya vichwa vya adui na kuteremshwa nyuma yake, washike daraja au njia ya mlimani mpaka vifaru viwafikie. "Vikichelewa," alisema Mjomba, "umebaki wewe na ulichobeba mgongoni."

Ilipotolewa amri ya kuingia Afghanistan, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuvuka mpaka. Wakakaa huko miaka, kwenye nyanda za juu ambako chai ilikuwa ikiganda kikombeni. Walipotolewa wakawekwa jangwani, kando ya mpaka uleule. Kisha dola ikaanza kupasuka, wakawa wanapelekwa mji huu na ule wa Kaukazi kusimama baina ya majirani waliokuwa wakichinjana. Dola ikafa. Nchi ilimokuwa kambi yao ikawa nchi ya watu wengine, na brigedi nzima ikafungashwa kwenye treni na kupelekwa mji mmoja kando ya mto Volga, ambako hakukuwa na nyumba za kuwaweka. Maofisa walikaa na wake zao kwenye mahema na mabehewa. Mke wa Mjomba alimwacha kwenye mojawapo ya mabehewa hayo. Kutoka hapo wakatumwa Chechnya. Waliorudi wakakuta wakubwa wameamua kupunguza jeshi, na brigedi ikavuliwa jina lake ikafanywa rejimenti. Mjomba akaacha kazi.

"Nimepigana vita viwili," alisema, "na aliyenishinda ni karani."

Mtaani hakuna aliyejua lolote mpaka Agosti. Kwao Urusi kuna siku ya askari wa miavuli, na siku hiyo askari wa zamani huvaa fulana zao za mistari na bereti za rangi ya samawati, wakiingia kwenye chemchemi za miji kujimwagia maji. Mjomba hakuona sababu ya kuiacha siku yake kwa kuwa yuko Maskati. Akavaa fulana, akavaa bereti, akatoka adhuhuri, jua linachoma lami, akashika njia ya katikati ya majumba mpaka pwani. Akaingia baharini na nguo zake. Akasimama maji yakimfika kifuani, amenyoosha mgongo, anaimba peke yake. Mimi na Mama tulimfuata na taulo. Watu walikuwa wametoka madirishani.

Baada ya siku ile wakaanza kuuliza, na kuuliza si kazi ngumu Ghubra. Ijumaa iliyofuata wakaja wanawake wa jirani kumwona Bibi. Tuliwawekea kahawa na haluwa. Mmoja wao, mtu mzima aliyekuwa akitujua tangu tulipohamia, akaweka kikombe chake chini akamwambia Mama, "Bibiye, watu wanasema. Huyo nduguyo kawaua Waislamu kule. Na nyumba hii ni ya watu wanaoswali."

Mama alikuwa amesilimu kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja khasa, ila herufi zilikuwa nzito mdomoni mwake. Akamjibu taratibu, "Huyu ni ndugu yangu, tumbo moja. Aliyoyafanya mie sikuyafanya, wala sitamfukuza kwa ajili ya hayo. Kama kahawa yangu inakupa tabu, usinywe."

Yule mama hakunywa, wala hakuja tena mwaka ule. Baba aliporudi na kusikia, alisema tu, "Umemjibu vizuri," akaenda kubadilisha nguo.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mama hakuwa na la kumjibu. Nyuma ya msikiti kulikuwa na tanuri la mikate, na muoka mikate alikuwa Muafghani wa makamo, ndevu nyekundu za hina, mikono imeungua mpaka kwenye viwiko. Mjomba alipenda mkate kuliko chochote. Alilisikia harufu tanuri lile akalifuata. Nilikuwa naye. Alipomwona yule bwana akafurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kwao, akamwamkia kwa lugha yake, maneno aliyokuwa ameyaokota alipokuwa kule.

Muoka mikate alikuwa ameshamnyooshea mkate. Akaurudisha.

"Shuravi," alisema. Hivyo ndivyo walivyowaita Wasovieti.

Mjomba akakubali kwa kichwa.

Yule bwana akanigeukia mimi, akasema kwa Kiarabu chake cha mitaani, "Mwambie yeye simuuzii."

"Anasikia," nilisema.

"Basi kasikia."

Mtu mwingine angekwenda tanuri la pili. Mjomba kesho yake alirudi. Akasimama katika foleni, zamu yake ikafika, muoka mikate akampita akamhudumia wa nyuma yake. Mjomba akasema asante kwa lugha ya yule bwana, akaondoka. Siku ya pili vilevile. Ikawa ndiyo desturi yao. Mama alichukia, akanituma mimi nikanunue, na mimi niliuziwa bila neno. Nilipomletea Mjomba hakula. Alisema, "Huu hakuniuzia mimi." Sijui ni nani kati yao alikuwa mkaidi zaidi.

Muhula ulipoanza, ustadh wetu wa historia alitupa kazi: kila mmoja akamhoji mtu mzima wa familia yake, amrekodi, kisha asimame darasani aeleze. Wenzangu walikwenda kwa babu zao waliosafiri Afrika na kurudi. Mimi nikasema nitamhoji mjomba wangu, nieleze historia ya brigedi yake.

"Brigedi ya wapi?" aliuliza ustadh.

"Urusi."

Darasa likacheka. Ustadh hakucheka. Alisema, "Nataka historia yetu."

"Ulisema familia, ustadh. Huyu ndiye familia."

Akaniacha, nadhani kwa kuwa alitegemea nitachoka.

Nikachukua redio kaseti ya Baba, nikaiweka mezani mbele ya Mjomba. Alifurahi sana. Alivaa shati safi kwa ajili ya kinasa sauti. Alieleza namna walivyofundishwa kukunja miavuli, na kwamba kila mtu aliukunja wake mwenyewe, ili akifa asimlaumu mwingine. Alieleza siku walipopewa bendera, theluji ikawaangukia na hakuna aliyepangusa uso. Alieleza kuvuka mpaka, na rafiki yake aliyeteleza kwenye mlango wa helikopta kabla hata ya kuviona vita. Tulijaza kanda upande mmoja na upande wa pili. Kisha nikamuuliza, "Na vijijini mlipoteremshwa, mlifanya nini?"

"Kazi," alisema.

"Kazi gani?"

Akabonyeza kitufe, redio ikazima.

Nikaenda kwa muoka mikate. Ilikuwa baada ya alasiri, hakuna wateja, anakanda unga. Nikamwambia kwamba nataka kuandika historia ya jeshi la mjomba wangu na kwamba upande wake haumo. Nilitazamia anifukuze. Akaniuliza, "Utasema kila nitakalosema?"

"Kila utakalosema."

Akanawa mikono. Kijiji chao, alisema, kilikuwa na maji kama yale ya bara ya Oman, njia iliyochimbwa chini ya ardhi kutoka mlimani, yenye visima vya kuteremkia kila baada ya masafa. Mimi nikasema, "Falaj." Akasema, ndiyo, nyie mwaita falaj. Babu zao waliichimba kwa mikono. Siku moja helikopta zilikuja alfajiri, askari wakateremka wenye mistari kifuani, wakawatafuta wapiganaji. Wapiganaji walikuwa wamejificha mle, kwenye njia ya maji. Na wapiganaji hawakuwa peke yao, walikuwemo wanawake waliokimbilia humo na watoto wao, akiwemo dada yake. Askari wakateremsha baruti kwenye visima.

"Tukawafukua tuliowaweza," alisema. "Halafu maji hayakuja tena. Bustani zikafa, na sisi tukaondoka. Ndiyo maana mimi naoka mikate Maskati." Akarudi kwenye unga wake.

Nilifika nyumbani nikamweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kwa Kirusi, nikajua nimekwisha. Alisema sikuletwa duniani ili nimtie aibu ndugu yake, kwamba mtu yule hajui kama ni brigedi ileile, majeshi yalikuwa mengi na fulana za mistari zilivaliwa na wengi. Hilo lilikuwa kweli. Alisema nieleze miavuli na bendera, inatosha.

"Haitoshi," nilisema.

"Utanyamaza katika nyumba yangu."

"Mama, wewe hukunyamaza mbele ya wale wanawake. Mie nnyamaze kwa nini?"

Hakuwahi kunipiga, na siku ile pia hakunipiga, lakini alitoka chumbani na mlango ukasikika mpaka barabarani.

Ni Bibi aliyeikata kesi ile. Yeye alikuwa kitini mwake muda wote, tasbihi mkononi. Tulipokaa kula, akamwambia Baba, "Mfasirie huyu kijana." Mjomba alikuwa na mvi kichwa kizima, lakini kwa Bibi alikuwa kijana. Kisha akamtazama moja kwa moja.

"Mie yalinikuta Unguja. Waliingia wenye silaha nyumbani kwangu, mchana, mumangu yuko mezani kama ulivyo wewe. Walimtoa. Sijamwona tena. Miaka yote nnataka mmoja wao anambie kwa mdomo wake, ndiyo, nliingia. Sijampata. Sasa nnakuuliza wewe. Uliingia majumba ya watu?"

Baba alifasiri. Sauti yake haikutetereka, ila alikuwa ameweka kijiko chini, kwa kuwa mtu aliyetolewa mezani alikuwa baba yake.

Mjomba akaisogeza sahani yake. Kisha akasema, "Niliingia."

"Na maji ya watu?"

Akajibu akimtazama Bibi, si Mama wala mimi. Alisema hajui kama kijiji kile ndicho. Vilikuwa vingi, majina hawakuambiwa. Lakini yeye kwa mkono wake aliteremsha baruti kwenye kisima cha njia ya maji, na alijua ni nini, kwa sababu jana yake walikuwa wamekunywa humo. Aliamriwa. Kulikuwa na askari mmoja aliyekataa, akachukuliwa, na yeye akaifanya kazi ya yule mwingine. "Nilisikia sauti chini," alisema. "Nilijiambia ni maji."

Mama alifunika uso. Bibi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu.

"Ahsante," alisema. "Kula, chakula kinapoa."

Sikumuomba Mjomba ayarudie kwa redio. Asubuhi aliileta mwenyewe, akaweka kanda mpya, akayarudia yote.

Siku ya kusimama darasani, ustadh aliniita kwanza ofisini. Alikuwa amepata habari. Si mtu mbaya, na aliniambia kwa upole kwamba nichague: ama nieleze habari za askari na ushujaa wake, ama nieleze aliyodhulumiwa yule Muafghani, na hilo la pili angelipenda zaidi. Vyote viwili pamoja, alisema, vitawachanganya watu, na wengine wataudhika.

Nikaingia nikaeleza vyote viwili. Nilianza na mji wa vumbi na luteni wa ndevu changa, nikaeleza bendera na theluji, nikaeleza habari za rafiki aliyeteleza. Nikaona wanafunzi wa kiume wameinama mbele kusikiliza, kwani ni hadithi nzuri. Kisha nikaeleza falaj. Pale darasani walikuwepo watu wa bara, watoto wa mashamba ya mitende, ambao kwao falaj ndiyo uhai wa kijiji, na zamu ya maji hurithiwa kama shamba. Hawakuhitaji kufafanuliwa. Msichana mmoja alisimama akatoka. Mwingine akasema kwa sauti kwamba mtu kama huyo hastahili kukaa Oman. Mwingine akaniuliza ninawezaje kula naye meza moja.

"Kwa sababu ananijibu nikimuuliza," nilisema. "Nimesoma vitabu vya majeshi mengi hapa chuoni. Sijaona jeshi linalojibu."

Ustadh akasema, "Bado nasema hii si historia yetu."

"Mjomba wangu anakaa Ghubra," nilimwambia. "Muoka mikate anakaa Ghubra. Mimi nakaa Ghubra. Ni ya nani basi?"

Alama aliyonipa ilikuwa ndogo, nikaipeleka nyumbani nikambandikia Bibi ukutani, naye aliwaonyesha wageni kwa fahari.

Mjomba alikwenda kwa muoka mikate wiki ileile. Alikwenda peke yake, hakutaka nimfuate, na yaliyosemwa nilihadithiwa na yeye tu. Alimwambia aliyoyafanya, palepale mbele ya tanuri, kwa maneno machache aliyoyajua ya lugha ile. Yule bwana aliendelea kupachika mikate ukutani mwa tanuri mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Sasa najua. Bado sikuuzii."

"Sikuja kununua," alimjibu Mjomba.

Na hakumuuzia kweli, hata mara moja. Walikuwa wakiamkiana tangu siku ile, basi. Mambo yalipobadilika Afghanistan, yule bwana akafunga virago, akarudi kwao. Alisema anakwenda kuona kama maji yanaweza kurudishwa. Sijui kama aliyarudisha.

Nilipoolewa, mimi na mume wangu tulijenga Mabela, wakati ule kila mtu akijenga huko na barabara nyingine bado ni changarawe. Bibi alikuwa ameshafariki. Mjomba akahamia kwetu, kwenye chumba cha uani, akapanda ndimu, akawa anatengeneza viyoyozi vya majirani. Akawa anazungumza Kiswahili cha Bibi, na zile nnataka na nnakuuliza zake zote.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili akapigiwa simu kutoka Urusi. Alikuwa rafiki wa zamani, wa brigedi ileile, sauti imejaa furaha. Jina linarudishwa, alisema. Rejimenti itakuwa tena brigedi, kutakuwa na gwaride, na wazee wanakusanya kumbukumbu ili vijana wajue walikotoka. Wanataka ya Mjomba. Mimi na Mama tulikuwa chumbani, tukasikiliza. Mjomba alieleza mji wa vumbi. Alieleza bendera. Nilisikia upande wa pili yule rafiki akicheka na kukumbuka. Kisha Mjomba akaeleza kisima.

Kicheko kikakatika. Yule rafiki akasema kitu, na Mama, aliyekuwa karibu zaidi na simu, alinifasiria kwa mdomo bila sauti: hiyo tutaiacha.

Mjomba akasema, "Basi na mimi niacheni, mzima mzima. Lile gwaride msinitaje, na picha yangu mkiwa nayo iondoeni. Nilikuwemo kote, ama sikuwemo popote."

Akakata simu. Mama akamshika mikono, yeye aliyetaka siku moja tuseme miavuli tu. Alimwambia kwa Kiswahili, sijui kwa nini si kwa Kirusi, "Umemjibu vizuri."

Mjomba yuko nami mpaka leo, ni mzee sasa. Majirani wapya wa Mabela huuliza huyo Mrusi wa uani ni nani, na mume wangu huniomba niseme tu ni mjomba, amestaafu, tupumzike. Mimi nawakaribisha ndani, nawatilia kahawa, na naanza na ule mji wa vumbi. Wapo wanaoondoka katikati. Nawasindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote, kisha narudi kwa waliobaki na kuendelea pale nilipofika.